Jerusha Asije

Doha, 4 Februari 2011

Mama Cheryl mpenzi,

Barua hii unaletewa na Tony, yule fundi wa Maungu, ambaye amepata likizo ya mwezi mmoja. Nimempa pia viatu vya Cheryl. Vikimbana usimlazimishe, mpe mtoto wa jirani.

Kwenye simu huniuliza habari za kazi nami husema nzuri, kwa sababu chumbani tuko sita na kila mmoja ana masikio. Leo nikwambie ukweli. Nimechoka, Milcah. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Naendesha saa kumi na mbili, siku nyingine kumi na nne. Magoti yameanza kuniuma kwa kukaa. Maji nakunywa kidogo makusudi, maana vyoo viko mbali, na ukiacha teksi mahali pabaya unaandikiwa kosa. Mji wenyewe wanaubomoa na kuujenga upya. Barabara niliyopita asubuhi, jioni naikuta imefungwa, na abiria nyuma ananiuliza kama nimefika Doha jana. Kuna siku wanaingia na kutoka abiria ishirini na hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni. Najua, kwa sababu mimi huwatazama kwenye kioo.

Usidhani watu wote wako hivyo. Kuna mzee mmoja wa hapa, macho yake hayamruhusu tena kuendesha. Akipanda huketi mbele kando yangu, ananipa tende, na ananiuliza mvua imenyesha Kenya? Huyo nikimshusha nasikia nimekuwa mtu kwa nusu saa nzima.

Mkataba unaisha katikati ya Septemba. Karani wa kampuni nimeshamwambia siongezi. Kama ni kurudia lile lori la mkonge hapo Mwatate, nitalirudia.

Mume wako,
Cornelius Omondi


Mwatate, 27 Februari 2011

Baba Cheryl,

Viatu vimemtosha, na amelala navyo siku mbili. Shuleni amewatangazia wote kwamba baba yake anarudi Septemba. Mwalimu wa darasa la pili akaja kwangu huku chekechea kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, na mimi mwenyewe nikasikia vizuri kulitamka.

Pole na magoti. Ukifika nitayakanda.

Sasa nina habari. Unajua mdogo wangu Jerusha tangu amalize kozi ya upishi pale Voi hajapata kazi, mwaka wa pili huu. Anauza chapati stendi, na jua lile unalijua. Juzi alikwenda Mombasa na rafiki yake, wakaonana na ajenti anayepeleka wasichana Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Ajenti anasema nafasi iliyopo ni Doha. Doha, Baba Cheryl! Kati ya miji yote. Alirudi anaruka kama mtoto. Baba yetu alikuwa anakataa, lakini nilipomwambia shemeji yake Jerusha yupo kule na anazijua njia zote, akanyamaza. Kwake kunyamaza ni kukubali.

Najua wewe utakuwa unarudi Septemba, lakini angalau miezi ya mwanzo atakuwa na mtu wake. Tuandikie neno moja la baraka ili mzee aridhike kabisa.

Wako,
Milcah


Doha, 20 Machi 2011

Mama Cheryl,

Nimepata barua yako. Jerusha asije.

Mwambie baba kwamba mimi ndiye niliyekataa, lawama zote ziwe zangu. Akae na chapati zake mpaka nirudi, tutatafuta la kufanya pamoja. Usiniulize zaidi sasa hivi. Nimebanwa na kazi.

Cornelius


Mwatate, 17 Aprili 2011

Baba Cheryl,

Nilimsomea Jerusha barua yako, na haikuwa na mengi ya kusoma. Akaniuliza, "Dada, nimemkosea nini shemeji?"

Wewe uliondoka hapa na watu wakakusindikiza mpaka Voi. Hakuna aliyekwambia usiende. Leo mtoto wa watu anataka kujaribu bahati yake kule kule, unamfungia mlango kwa maneno mawili. Kama kazi ya majumbani ni mbaya, sema ni mbaya vipi. Kama ni ajenti, sema. Mimi si mtoto wa chekechea, mimi ndiye ninayewafundisha.

Jumapili ulipopiga simu nilikuuliza ukasema, "Tutaongea." Halafu nikasikia sauti ya mwanamke karibu nawe, ikicheka au ikilia, sikutambua. Nilipokuuliza ni nani, ukasema ni redio.

Tueleze. Nasubiri.

Milcah


Doha, 8 Mei 2011

Mama Cheryl,

Anayekuletea hii ni Dominiko wa Voi, yule mlinzi wa hoteli. Ni mtu mwema ila hajui kufunga mdomo, kwa hiyo barua hii siwezi kuijaza.

Nakuomba uniamini kwa miezi michache tu. Kuna mambo nikiyaandika na yakasomwa na macho mengine, mtu ataumia, na si mimi peke yangu. Jerusha asije. Sina la kuongeza.

Cornelius


Mwatate, 22 Mei 2011

Cornelius,

Dominiko amefika. Nilimkaribisha chai, nikamuuliza hali yako. Akaanza kuzungusha kikombe. Nikamwambia, "Sema, mimi mtu mzima." Akasema, "Shemeji hajambo. Kila Ijumaa tunamwona Mesaimeer kanisani na yule dada yake mwembamba mwenye mkono uliofungwa bandeji. Anamnunulia chakula, anamfungulia mlango wa gari."

Dada yake! Wewe ni mtoto wa mwisho kwa mama yako na dada zako wote wawili wako Ahero.

Sasa naelewa kwa nini Jerusha asije. Angekuja angeona. Angeniandikia. Ndiyo hayo mambo yasiyoandikika.

Nimefundisha watoto wa watu, nimelea wako, nimelala peke yangu karibu miaka minne, na sijawahi kuongeza neno juu ya jambo hilo. Sasa sitaki kuelezwa. Simu nimeizima na nitaizima mpaka nitakapojisikia kuiwasha. Jerusha amepata viza yake, na mimi mwenyewe nimemshonea nguo za safari.

Milcah Mghoi


Doha, 10 Juni 2011

Milcah wangu,

Simu haiingii. Nimejaribu asubuhi na jioni. Barua hii anakuja nayo mtu pekee ninayeweza kumwamini nayo, kwa sababu inamhusu yeye. Anaitwa Damaris, wa Kaloleni. Ndiye yule mwembamba. Isome mpaka mwisho kabla ya kumfukuza.

Tarehe 11 Machi, siku ya Ijumaa, saa saba mchana, nilikuwa nimemshusha abiria kwenye mtaa wa majumba makubwa, nageuza gari. Geti likafunguka akatoka msichana amevaa ndara, hana mkoba, mkono mmoja ameufunga kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Akaingia nyuma. Akasema kwa Kiingereza, "Go, please." Nikamuuliza wapi. Alikuwa ameinama nyuma ya kiti changu, na nikasikia ananong'ona, "Mungu wangu, Mungu wangu, Mungu wangu."

Nikamwambia, "Dada, wewe Mkenya?"

Akainua uso. "Kaka, nipeleke popote penye watu wengi. Pesa sina."

Kwenye kioo nikaona mwanamume ametoka getini, ananipungia mkono nisimame. Miaka yote hii, Milcah, mtu akinipungia mkono nasimama. Ndiyo kazi yangu. Siku hiyo nilikanyaga mafuta.

Popote penye watu wengi siku ya Ijumaa ninapopajua mimi ni Mesaimeer penye makanisa, maana hapa ibada ni Ijumaa. Nikampeleka huko, nikamtafuta Cherotich wa kwaya, muuguzi, mtu wa Bomet. Alifungua kile kitambaa. Kilikuwa kidonda cha mafuta ya moto, cha siku tisa, na hakuna aliyempeleka hospitali. Miezi kumi na minne hakuvuka lile geti. Alikuwa analala kwenye sakafu ya chumba cha kufulia, na simu walimnyang'anya wiki ya kwanza. Cherotich hakuniuliza lolote. Alisema tu, "Atalala kwangu." Anaishi Fereej Bin Mahmoud na wenzake watatu kwenye fleti ndogo, na wote walikubali.

Hapa mfanyakazi akitoroka kwa mwajiri wake anatafutwa, na anayemficha naye ana makosa. Siku mbili baadaye msimamizi aliniita. "Gari lako lilikuwa mtaa ule. Ulibeba mwanamke?" Nikasema nilimbeba, nikamshusha sokoni, sijui alikoelekea. Aliandika.

Ndiyo maana sikuandika. Barua zetu zinapita mikononi mwa watu. Sauti uliyoisikia kwenye simu ni yake. Nilikuwa nimempelekea dawa, na Cherotich alikuwa anambadilishia bandeji. Nilikudanganya kwamba ni redio. Hilo ni kosa langu na sina cha kujitetea. Nilidhani nikinyamaza ninakukinga. Kumbe nilikuacha na yale ya Dominiko.

Watu wa ubalozi wamemsaidia kupata karatasi ya kusafiria, kwa sababu pasipoti iko kwa yule mwajiri. Kesho atajipeleka kwenye kituo cha wanaosubiri kurudishwa kwao. Wanasema ni wiki moja, pengine mbili, halafu ndege. Cherotich ameishona barua hii ndani ya bitana ya mfuko wake wa nguo.

Milcah, siwezi kusema kila nyumba ni kama ile. Nimebeba wasichana wengi wanaocheka na kuongea na simu zao. Lakini hakuna anayejua geti analoingia mpaka limefungwa. Msimamishe Jerusha. Mwoneshe mkono wa Damaris.

Mimi sijawahi kuwa na mwingine. Nimechoka mno hata kumtamani mwingine. Septemba niko nyumbani.

Cornelius


Mwatate, 14 Agosti 2011

Baba Cheryl,

Amefika juzi. Si wiki moja wala mbili, walimkalisha wiki nane.

Nilikuwa nafua. Nikaona mwanamke amesimama kwenye ua na mfuko wa nguo. Akauliza, "Wewe ndiye Milcah?"

"Ndiye."

"Nimetoka kwa Cornelius."

Nilichukua kata ya maji nikamwambia aondoke kabla sijammwagia. Hakuondoka. Alikaa chini, pale pale kwenye tope la kufulia, akaanza kuchana bitana ya mfuko kwa meno kwa sababu vidole vya mkono ule havikunji vizuri. Alipotoa barua nikaona maandishi yako. Nikaisoma nimesimama. Halafu nikakaa kwenye tope pamoja naye.

Alishuka Voi kuja kwangu kabla ya kwenda kwao Kaloleni. Mama yake hajamwona karibu miaka miwili, naye akaja kwangu kwanza. Nimempa gauni langu la buluu, amelala siku mbili na Cheryl, na leo asubuhi nimempandisha basi.

Sasa sikia lililobaki. Jerusha aliondoka tarehe 19 Julai.

Ulikuwa umetuma barua nyingine fupi kwa posta, mwanzoni mwa Julai. Niliitambua bahasha. Niliitupa kwenye moto wa jiko bila kuifungua. Sijui uliandika nini. Pengine uliandika nisubiri. Sitajua, na sitaki uniambie.

Simu niliiwasha siku ile ile aliyoondoka, ili anipigie; zako nilizikata. Alipiga mara moja, kutoka kiwanja cha ndege cha huko, akasema amefika na kuna joto. Tangu siku hiyo hakuna kitu. Namba ile haipatikani. Ajenti anasema tusiwe na wasiwasi, na ukiendelea kumuuliza anakata. Baba haniongeleshi. Chakula anapokea kwa mkono wa Cheryl.

Nilichonacho ni jina la mwenye nyumba, nimelinakili nyuma ya karatasi hii kama lilivyo kwenye mkataba. Mtaa haukuandikwa.

Sina haki ya kukuomba. Lakini hakuna mwingine wa kumwomba. Mtafute. Namfikiria na ndara, Baba Cheryl. Namfikiria anatafuta teksi.

Mkeo,
Milcah


Doha, 11 Septemba 2011

Mama Cheryl,

Nilipopiga simu ulilia tukashindwa kuongea, basi naandika.

Jina ulilonipa ni la ukoo mkubwa. Kuna mamia. Nimeuliza madereva wenzangu, nimeuliza wapishi, nimeuliza yule mzee wa tende. Akasema, "Mwanangu, hata mimi mama yangu ni wa ukoo huo." Nikiwa sina abiria napita mitaa ya majumba polepole, natazama mageti. Juzi polisi alinisimamisha akaniuliza natafuta nini. Nikasema abiria.

Tiketi yangu ilikuwa ya tarehe 16. Masanduku mawili nilikuwa nimeshafunga. Alhamisi nilikwenda kwa karani nikamwambia naongeza mkataba. Akacheka. "Wewe si ulisema umechoka?" Nikamwambia ndiyo, nimechoka, lete karatasi. Haiwezekani mwaka mmoja, ni miwili tu. Nilisaini.

Singeweza kupanda ndege ile, Milcah. Ningekaa hapo nyumbani na kila jioni baba yako angenitazama. Na wewe pia ungenitazama, hata kama hungetaka.

Cornelius


Doha, 30 Septemba 2011

Mama Cheryl,

Jerusha yu hai, mzima, na amenenepa.

Najua ameshakupigia leo, kwa maana alitumia simu yangu mbele yangu na nilisikia ukipiga kelele mpaka watu wakageuka. Lakini kuna mambo hamkuyaongea, ngoja nikwambie.

Leo ni Ijumaa. Nilikwenda Mesaimeer, si kwa ibada hasa, bali kwa sababu ni mahali pa kuulizia. Nimesimama karibu na wanaouza vitafunio, nikasikia, "Shemeji!" Nikageuka. Alikuwa amevaa viatu vipya vyeupe na kitambaa cha maua kichwani, amefuatana na mpishi wa Kifilipino anayefanya kazi naye. Amekuja na dereva wa nyumba yao, na dereva anawasubiri kwenye kivuli.

Nilimshika mikono yote miwili nikaigeuza, ndani na nje. Akacheka. "Shemeji, unatafuta nini?"

Nikasema, "Hakuna."

Anasema simu yake iliingia maji wiki ile ya kwanza, na namba zote zilikuwa humo. Hakuwa ameziandika mahali. Halafu Ramadhani ikaingia, kazi ya jikoni ikawa haina mwanzo wala mwisho, na ya kwako hakuikumbuka kichwani. Baada ya Idi familia nzima wakaingia kwenye magari, wakaenda Salala, kule Omani, na yeye wakamchukua. Wiki tatu! "Shemeji, kule kuna ukungu na majani mabichi kama Wundanyi. Mama mwenye nyumba alinipa sweta lake." Wamerudi Jumanne, na wamemwambia kuanzia sasa Ijumaa ni yake. Kazi ni nyingi, mgongo unamuuma, watoto ni watundu, na bibi wa nyumba anapenda chapati zake. Alinieleza haya yote huku anakula sambusa.

Kisha akanitazama vizuri. "Lakini shemeji, mbona bado uko? Dada alisema Septemba unarudi."

Nikamwambia, "Nimeongeza."

"Umepapenda, eh?"

"Nimepazoea."

Akanipiga begani akacheka tena. Usimwambie, Milcah. Hakuniomba, hakujua, na hakuna kosa alilofanya. Akijua, ataila kila Ijumaa yake kwa huzuni, na Ijumaa ndiyo aliyonayo.

Alipoondoka nilirudi kwenye gari. Niliwasha mtambo wa baridi nikakaa. Nilikuwa na furaha, nakuapia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikataka kuondoa gari nikashindwa. Si kwamba kulikuwa na lolote bovu. Mguu ulikuwa kwenye mafuta na sikuwa na nguvu za kuyakanyaga. Nilikaa hivyo mpaka familia moja ya Wahindi ikagonga kioo, ikauliza kama niko kazini. Nikasema niko kazini. Nikawapeleka uwanja wa ndege.

Nimemuuliza karani kama naweza kuvunja mkataba. Anaweza kunisikiliza, amesema, lakini si sasa, na majibu yake nayajua kwa namna alivyokunja karatasi. Kwa hiyo tuhesabu ni mpaka tarehe 14 Septemba 2013. Cheryl atakuwa darasa la nne.

Cheryl mwambie wewe. Usimwambie kwa nini, sema tu kazi imeongezeka. Mimi Jumapili nitapiga simu kama kawaida, lakini mpe habari hiyo kabla sijapiga, ili akija kwenye simu awe ameshalia.

Mume wako,
Cornelius Omondi